Majina Kwenye Santuri: Biashara ya Samba Mjini Rio de Janeiro

Karibu na mwaka 1930, mjumbe mmoja alipanda kilima cha Mangueira, kaskazini mwa jiji la Rio de Janeiro, akimtafuta kijana mwashi aliyejulikana kwa jina la Cartola. Alitumwa na mwimbaji Mário Reis, kijana wa ukoo wenye uwezo ambaye sauti yake ilikuwa inavuma kwenye santuri, na ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: Reis anataka kununua samba. Cartola alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alidhani mtu huyo ana wazimu. Samba ilikuwa kitu cha kuimbwa uani wikendi, watu wakipiga makofi na ngoma, kisha kesho yake kila mtu anarudi kazini. Nani atoe fedha kwa kitu kama hicho? Alifikiria kuomba mil-réis 50, fedha za Brazil za wakati ule. Mwenzake akamwambia aombe 500. Wakaafikiana 300, na samba hiyo, "Que Infeliz Sorte", ikaja kurekodiwa na Francisco Alves, mwimbaji aliyekuwa maarufu kuliko wote nchini.

Cartola alikuwa na bahati katika jambo moja. Alichouza ni ruhusa ya kurekodi tu. Jina la mtunzi lilibaki lake, na kwa fundi mwashi mweusi wa mlimani katika Brazil ya wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo. Wenzake wengi waliuza samba pamoja na jina. Wengine walikubali jina lao liandikwe kando ya jina la mtu ambaye hakutunga hata ubeti mmoja. Muziki ambao leo dunia nzima inautambua kuwa sauti ya Brazil ulijengwa kwa kiasi kikubwa na watu waliofanya biashara ya namna hiyo, na historia ya biashara hiyo inastahili kusimuliwa pamoja na historia ya nyimbo zenyewe.

Samba ya mjini ilikulia karibu na bandari. Rio, mji mkuu wa nchi hadi mwaka 1960, ilikuwa lango kubwa la utumwa. Gati la Valongo lilijengwa mwaka 1811 na kupokea mamia ya maelfu ya Waafrika, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Katika karne ya 19 meli zilifika pia kutoka upande wetu wa bara, zikitokea Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji. Brazil ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, ikiwa nchi ya mwisho katika mabara ya Amerika kufanya hivyo. Walioachwa huru hawakupewa ardhi wala fidia. Wengi walishuka Rio kutoka jimbo la Bahia, wakapanga vyumba katika mitaa ya nyuma ya bandari na kuuzunguka uwanja wa Praça Onze, eneo ambalo mtunzi na mchoraji Heitor dos Prazeres alilifananisha na Afrika ndogo.

Mkuu wa eneo hilo, kama mtu angetaka kumtaja mmoja, alikuwa mama muuza vitafunio. Hilária Batista de Almeida, au Tia Ciata kama alivyoitwa na kila mtu, alizaliwa Bahia mwaka 1854 na kuhamia Rio akiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Alikaa barabarani na sinia lake la vitamu, amevaa nguo nyeupe na shanga kama wanawake wa kwao wavaavyo, na nyumbani kwake alikuwa mama mwenye cheo katika dini ya candomblé iliyotoka Afrika Magharibi. Nyumba yake karibu na Praça Onze ilikuwa na mpangilio wenye akili: sebuleni wapiga filimbi na magitaa walicheza choro, muziki uliokubalika kwa wenye vyeo, uani ndiko ilikokuwa samba, na ibada ilifanyika faragha zaidi. Askari akipita barabarani husikia choro tu.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Polisi waliweza kumkamata mtu kwa kukutwa na ala mkononi. João da Baiana, mpiga tari hodari aliyekulia katika nyumba hizo hizo za akina mama wa Bahia, alinyang'anywa tari lake, na kwa ajili hiyo akashindwa kwenda kupiga kwenye karamu ya seneta Pinheiro Machado, mmoja wa wanasiasa wenye nguvu kubwa nchini. Seneta alipopata habari aliagiza tari jipya litengenezwe, likachongwa jina lake. Kuanzia hapo João alitembea na tari lenye sahihi ya mkubwa. Kisa hicho husimuliwa Rio kwa furaha, na ni kweli kinafurahisha, ila kinaonyesha wazi kwamba ala ya mtu mweusi ilikuwa salama pale tu ilipobeba jina la mwingine.

Nyumbani kwa Tia Ciata watu walitunga kwa pamoja. Mmoja anaanzisha kiitikio, wa pili anaongeza ubeti papo hapo, wa tatu anajibu. Usiku ukikucha hakuna ajuaye kwa hakika nani alisema nini, na hakuna aliyehitaji kujua. Kati ya wageni wa kawaida wa uani alikuwamo mpiga gitaa Ernesto dos Santos, aitwaye Donga. Tarehe 27 Novemba 1916 Donga alikamilisha katika Maktaba ya Taifa usajili wa wimbo "Pelo Telefone" kwa jina lake, na mwandishi wa habari Mauro de Almeida akatambuliwa kuwa mwandishi wa maneno. Mwimbaji Baiano akaurekodi kwa kampuni ya Casa Edison, na katika kanivali ya mwaka 1917 mji mzima ukawa unauimba.

Uani kukawaka moto. Watu wa nyumba ya Tia Ciata walitangaza gazetini kwamba wimbo ni wao wote na kwamba Donga amejitwalia peke yake. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo. Donga alifanya jambo ambalo hakuna mwenzake aliyewahi kulifikiria: alielewa kwamba karatasi imeingia katika muziki, na kwamba asiyeandikwa hatatambuliwa. Mtu anaweza kumlaumu kwa kuwaacha wenzake nje, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini kama asingeenda maktabani, haielekei kwamba uani mzima ungeandikwa. Angetokea mwingine, pengine asiyewahi hata kuingia uani humo.

Aliyeleta karatasi hizo alikuwa Fred Figner, mhamiaji mzaliwa wa nchi inayoitwa leo Ucheki, aliyefungua Casa Edison mjini Rio mwaka 1900 na kuanza kurekodi muziki wa Brazil mwaka 1902. Santuri ilihitaji mambo ambayo uani haukuyajua: wimbo uwe na mwanzo na mwisho, utoshe dakika tatu, beti zake zisibadilike kila zinapoimbwa, na chini ya jina la wimbo liwepo jina la mwenyewe. Nafasi hiyo ndogo ya jina, yenye upana usiozidi kidole, ndiyo iliyogombewa kwa miaka hamsini iliyofuata.

Baada ya Donga alikuja Sinhô, José Barbosa da Silva, mpiga piano aliyejitangaza mfalme wa samba katika miaka ya 1920. Alikuwa na kipawa cha ajabu cha kutunga wimbo unaoshika kichwani mara moja, na pia alikuwa na mkono mwepesi. Heitor dos Prazeres alimshutumu hadharani kwamba vipande vya samba zake vimo ndani ya nyimbo za Sinhô, na wawili hao wakajibizana kwa kutungiana samba za mafumbo na vijembe, mji ukisikiliza. Sinhô anakumbukwa kwa jibu lake: kwamba samba ni kama ndege arukaye, ni mali ya atakayemkamata. Alifariki mwaka 1930 kwa kifua kikuu, akiwa safarini kwenye kivuko cha ghuba ya Rio, na umri wake ulikuwa bado miaka ya arobaini.

Wakati huo huo samba yenyewe ilikuwa inabadilika. Mtaa wa Estácio, hatua chache kutoka Praça Onze, ulikuwa na vijana ambao hawakuridhika na samba ya Donga na Sinhô. Ile ilifaa kuchezwa na wawili wawili ukumbini. Wao walitaka samba ya kutembea nayo barabarani, umati mzima ukiimba na kusonga mbele bila kupoteza mapigo. Alcebíades Barcelos, fundi viatu aliyeitwa Bide, anasifiwa kwa kutengeneza ngoma kubwa ya sauti nzito, surdo, kutokana na debe la siagi lililowambwa juu. Ngoma hiyo ndiyo inayoshikilia gwaride la kanivali mpaka leo. Tarehe 12 Agosti 1928 vijana hao walianzisha kikundi chao, Deixa Falar, ambacho mwenzao Ismael Silva alikiita shule ya samba. Karibu na hapo palikuwa na chuo cha walimu, naye Ismael alieleza kwamba wao pia walikuwa walimu, wa samba. Mwaka huo huo, tarehe 28 Aprili, Cartola na wenzake walikuwa wameshaanzisha kikundi cha Mangueira, na Cartola akachagua rangi zake, kijani na waridi.

Teknolojia ilifika kwa wakati wake. Mwaka 1927 mitambo ya kurekodi kwa umeme iliingia Brazil. Kabla ya hapo mwimbaji alipaswa kupiga kelele ndani ya pembe la chuma ili sauti ikamatwe. Sasa mtu kama Mário Reis aliweza kuimba kama anayezungumza, na ngoma za mtaani zikaanza kusikika studio. Kampuni zilihitaji nyimbo mpya kila mwezi, na nyingi zaidi kila kanivali ilipokaribia. Waimbaji walikuwa na mikataba lakini nyimbo hawakuwa nazo. Watunzi wa mlimani walikuwa nazo tele, ila wengi hawakuwa na gitaa, hawakujua kuandika noti, na hawakuwa na mtu wa kuwafungulia mlango wa studio. Soko likazaliwa hapo.

Mnunuzi mkuu alikuwa Francisco Alves. Alizaliwa mwaka 1898 katika familia ya kawaida ya Rio, akawahi kufanya kazi kiwandani na kuendesha teksi, kisha akawa mwimbaji aliyepewa sifa ya mfalme wa sauti. Alikuwa na sikio kali kuliko watu wote wa kampuni za santuri. Aliingia mwenyewe kwenye mikahawa ya Estácio, akakaa, akasikiliza.

Ismael Silva alikuwa amelazwa hospitalini Bide alipomletea habari kwamba Chico Alves, kama walivyomwita, anaitaka samba yake "Me Faz Carinhos". Bei: mil-réis 100. Ismael alikuwa mtoto wa mama mfua nguo aliyefiwa na mumewe, hakuwa na kazi ya kudumu, na alikuwa mgonjwa. Mkono mtupu haulambwi. Aliuza, na santuri ilipotoka mwaka 1928 iliandikwa jina moja tu la mtunzi, la Francisco Alves. Baada yake Alves alinunua "Amor de Malandro" kwa mil-réis 500, na safari hii pia jina la Ismael halikuonekana.

Kisha mapatano yakabadilika. Alves alitaka kila atakachotunga Ismael kiwe chake kurekodi, na jina lake liwemo kama mtunzi mwenza. Ismael alikubali kwa sharti: rafiki yake Nilton Bastos aingizwe. Katika mkataba huo wa watu watatu ndimo ilimotoka "Se Você Jurar", iliyoimbwa na Alves na Mário Reis kwa kanivali ya mwaka 1931, moja ya samba zilizofundisha nchi nzima mapigo mapya ya Estácio. Nilton hakuishi kuufaidi ushindi huo. Alikufa mwaka huo huo kwa kifua kikuu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Alves hakuwa mwizi wa gizani. Alilipa fedha taslimu wakati ambapo kampuni hazikumtambua kabisa mtunzi wa mtaani, na alipoimba, samba iliyotungwa kwenye meza ya mkahawa ilisikika hadi mipakani mwa nchi. Bila yeye nyimbo nyingi za Estácio zingepotea na waliozitunga. Ismael mwenyewe, alipohojiwa uzeeni, hakumzungumzia kwa chuki. Hata hivyo haki ya mtunzi hailingani na bei ya siku moja. Mil-réis 100 ziliisha kwa wiki chache. Jina lililoandikwa kwenye santuri liliendelea kulipwa, kusifiwa na kurithiwa, na hilo Alves alilijua vizuri kuliko waliomuuzia.

Upande wa pili wa mji alikuwako kijana aliyeifanya kazi hii kwa namna yake. Noel Rosa, mzaliwa wa Vila Isabel mwaka 1910, alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwenye taya lililovunjwa na koleo la daktari siku aliyozaliwa. Aliacha masomo kwa ajili ya samba, na wimbo wake "Com Que Roupa?" ulitikisa kanivali ya mwaka 1931, ingawa haki zake alikuwa ameshaziuza kwa fedha kidogo. Noel alikuwa mweupe na msomi, lakini alipanda milimani kutafuta wenzake, wala hakwenda kununua. Alitunga na Ismael baada ya kifo cha Nilton, akatunga na Cartola, na ilikuwa kawaida yake kulala nyumbani kwa Cartola pale Mangueira akiwa amechoka au amelewa, mke wa Cartola akimtunza kama mwanawe. Mara nyingi kazi yake ilikuwa kukamilisha: mlimani palikuwa na kiitikio kitamu ambacho beti zake zilibuniwa papo hapo na kusahaulika, naye akaandika beti za kudumu zilizofaa santuri. Inasimuliwa kwamba hata gari alilopata kwa Francisco Alves alililipa kwa nyimbo. Alikufa mwaka 1937 akiwa na miaka 26, ameacha nyimbo zaidi ya 250.

Serikali nayo iliigundua samba. Getúlio Vargas, aliyeshika madaraka mwaka 1930, aliona kwamba nchi yenye wahamiaji wa kila rangi na majimbo yenye kutupiana macho inaweza kuunganishwa na redio na ngoma. Mashindano ya shule za samba yalianza Praça Onze mwaka 1932 kwa udhamini wa gazeti la michezo la Mário Filho, Mangueira ikashinda. Kufikia mwaka 1935 manispaa ilikuwa imeyatambua rasmi. Ala ambayo João da Baiana alinyang'anywa ikawa alama ya taifa ndani ya kizazi kimoja. Fadhila hiyo ilikuwa na masharti yake: idara ya propaganda iliyoundwa mwaka 1939 ilipitia maneno ya nyimbo na kupendelea zile zinazosifu kazi, na Praça Onze yenyewe ikabomolewa kupisha barabara pana iliyopewa jina la rais, ikafunguliwa mwaka 1944.

Usiku wa Agosti 1940 meli ya Marekani, Uruguay, ilikuwa imetia nanga bandarini Rio. Ndani yake alikuwamo kiongozi wa okestra Leopold Stokowski, aliyekuwa amemwomba mtunzi mkubwa wa Brazil, Heitor Villa-Lobos, amkusanyie wanamuziki bora wa asili. Walipanda melini Donga, João da Baiana, mpiga filimbi Pixinguinha, na Cartola kutoka Mangueira. Mitambo iliwekwa humo humo melini. Hapo ndipo sauti ya Cartola mwenyewe ilipochukuliwa kwenye santuri kwa mara ya kwanza, akiimba "Quem Me Vê Sorrindo" aliyotunga na rafiki yake Carlos Cachaça. Kampuni ya Columbia ilitoa nyimbo 17 kutoka kwenye kazi hiyo nchini Marekani mwaka 1942. Nchini Brazil kwenyewe seti hiyo haikutolewa hadi mwaka 1987, na kufikia hapo Cartola alikuwa kaburini miaka saba.

Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa waasisi. Ismael alikuwa ameshafungwa jela katikati ya miaka ya 1930 kwa kumpiga mtu risasi, na alipotoka alijitenga. Watu wengi walidhani amekufa hadi samba yake "Antonico" iliposikika mwaka 1950. Cartola aliugua homa ya uti wa mgongo, akafiwa na mkewe Deolinda, akaondoka Mangueira bila kuaga. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa mlimani huku mwenyewe hajulikani aliko. Katikati ya miaka ya 1950 mwandishi wa habari Sérgio Porto aliingia kwenye mkahawa mmoja wa Ipanema alfajiri na kumwona mtu mwembamba aliyevaa ovaroli iliyolowa. Alikuwa Cartola. Kazi yake ilikuwa kuosha magari na kulinda gereji.

Porto alimtafutia nafasi redioni na kwenye magazeti, lakini aliyemrudisha kwa kweli alikuwa Zica, mwanamke wa Mangueira na mpishi hodari, aliyeishi naye na baadaye kufunga naye ndoa. Mwaka 1963 wawili hao walifungua mgahawa ghorofani katika mtaa wa Rua da Carioca, wakauita Zicartola. Zica alipika, Cartola alipanga nani aimbe. Ulidumu muda usiofika miaka miwili, kwa sababu wenyewe walijua kupika na kuimba na hawakujua kudai madeni. Katika muda huo mfupi, vijana wa muziki wa bossa nova kutoka fukwe za kusini walikaa meza moja na wazee wa mlimani. Nara Leão, msichana wa Copacabana, alirekodi mwaka 1964 "O Sol Nascerá" ya Cartola na Elton Medeiros, na jina la kila mmoja likaandikwa panapostahili. Pale pale karani kijana wa benki, Paulinho da Viola, alipewa na Cartola fedha zake za kwanza kwa kupiga gitaa. Zilikuwa chache, na Cartola alimpa akisema kwamba afanyaye kazi ya muziki lazima alipwe. Mtu aliyewahi kushangaa kwamba samba inanunuliwa sasa alikuwa anamfundisha kijana kudai ujira.

Si wote waliojifunza somo hilo, na pengine hawakutaka. Nelson Cavaquinho, mmoja wa watunzi wenye huzuni nzito kuliko wote, alijuana na Mangueira akiwa askari wa farasi aliyepangiwa doria eneo hilo. Alikaa na akina Cartola hadi farasi akachoka kungoja na kurudi kambini peke yake. Nelson aligawa nusu ya samba kama wengine wanavyogawa sigara: kwa kulipa chumba, kwa kumaliza deni la kilabuni, kwa kumfurahisha rafiki. Inasimuliwa kwamba Cartola aliacha kutunga naye baada ya kugundua kuwa samba yao ya pamoja imeshauzwa, na Nelson akajitetea kwamba ameuza upande wake tu. Urafiki wao haukuvunjika. Lakini mpaka leo wataalamu wanaojaribu kuhesabu nyimbo za Nelson hukwama, kwani kati ya majina yaliyoandikwa pamoja na lake yapo ya washirika wa kweli, kama Guilherme de Brito, na yapo ya watu waliolipa bili.

Wako pia walionyimwa jina bila fedha yoyote kutoka mkono hadi mkono. Ivone Lara, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, alitunga samba tangu utotoni, lakini katika shule ya samba mwanamke alitarajiwa kucheza, kushona na kupika. Kutunga ilikuwa kazi ya wanaume. Kwa miaka mingi binamu yake, Mestre Fuleiro, alipeleka nyimbo za Ivone mbele ya wenzake kana kwamba ni zake, na Ivone alikaa kando akisikiliza jinsi zinavyosifiwa. Siku zake zilikwenda kwenye uuguzi na ustawi wa jamii, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambako daktari Nise da Silveira alikuwa akiwatibu kwa sanaa badala ya mishtuko ya umeme. Mwaka 1965 shule ya Império Serrano iliingia gwarideni na samba aliyoitunga na Silas de Oliveira na Bacalhau, na safari hii jina lake lilikuwamo, la kwanza la mwanamke katika safu ya watunzi wa shule kubwa. Alistaafu kazi ya hospitali mwaka 1977. Mwaka uliofuata Maria Bethânia na Gal Costa waliimba "Sonho Meu" yake, ikapendwa nchi nzima, naye akatoa santuri yake ya kwanza peke yake akiwa bibi mwenye umri wa kustaafu.

Cartola alingoja zaidi. Santuri yake ndefu ya kwanza ilitolewa mwaka 1974 na kampuni ndogo ya Marcus Pereira, yeye akiwa na miaka 65. Ya pili, ya mwaka 1976, ndiyo yenye "As Rosas Não Falam" na "O Mundo É um Moinho", nyimbo zisizo na neno hata moja la ziada. Usikilizaji wa makini wa santuri hizo mbili unatosha kumaliza hoja kwamba watunzi wa mlimani walikuwa na vipaji ghafi vilivyohitaji kusafishwa na wasomi. Shule alikuwa ameiacha ujanani. Na jina lake kamili alilijua akiwa mtu mzima: alipoandaa karatasi za ndoa na Zica mwaka 1964 aligundua kwamba karani wa vizazi alimwandika Angenor, si Agenor kama alivyodhani maisha yote. Akalikubali lilivyoandikwa.

Leo chini ya kilima cha Mangueira lipo jumba la makumbusho ya samba, lililotokana na kituo kilichoanzishwa na wajukuu wa Cartola na Zica mwaka 2001. Kituo hicho ndicho kilichoandaa nyaraka zilizofanya samba za Rio zitambuliwe kuwa urithi wa taifa mwaka 2007, na kimeendelea kurekodi masimulizi ya wazee wa shule mbalimbali: nani alianzisha kiitikio, nani aliongeza ubeti, nani alikuwepo.

Biashara yenyewe haijafungwa. Kila mwaka shule kubwa hushindanisha nyimbo za kutumika gwarideni, na mashindano hayo hula fedha nyingi: waimbaji wa kukodi, mashabiki wa kusafirishwa kwa mabasi, fataki, rekodi za studio. Kwa hiyo samba moja huweza kutiwa sahihi na watu kumi, baadhi yao wakiwa wamechangia fedha tu, huku mtunzi hodari aliyeandika nyimbo za shule kadhaa kwa msimu mmoja akiwa hayumo kwenye orodha ya baadhi yake. Samba ikishinda, mapato hugawanywa kwa wote waliotia sahihi. Mlimani watu hujuana, na usiku wa fainali wapo wanaosikiliza mstari mmoja wa melodia na kumtambua aliyeutunga kabla hata majina hayajasomwa.